Bwana Harry Marshall Ward na Kutu ya Kahawa

Katika kusherehekea miaka 10 ya chama chetu cha ushirika, imetupasa kuwakumbuka waliotutangulia, na miongoni mwao wamo watu wa mbali ambao elimu yao hutulindia mazao hata leo. Mmoja wao ni Bwana Harry Marshall Ward, mtaalamu wa mimea, aliyezaliwa mjini Hereford, Uingereza, mwaka 1854. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Cambridge, akahitimu mwaka 1879 kwa daraja la kwanza.

Wakati huo kisiwa cha Ceylon, ambacho sasa huitwa Sri Lanka, kilikuwa katika taabu kubwa. Misitu ya milimani ilikuwa imefyekwa, na zaidi ya eka 200,000 zilikuwa zimepandwa kahawa tupu, shamba likigusana na shamba, bila ukanda wa miti wa kuzuia upepo. Mwaka 1869 yalionekana madoa ya rangi ya chungwa chini ya majani, yenye vumbi kama kutu ya chuma. Mwaka huo huo wataalamu waliuchunguza ugonjwa huo, wakaupa jina la Hemileia vastatrix. Wenye mashamba hawakuogopa sana. Bei ya kahawa ilikuwa nzuri, nao wakazidi kufungua mashamba mapya. Hivyo hasara ya kila mti ikafichwa na wingi wa miti.

Hata mavuno yalipozidi kupungua, serikali ilimwita Bwana Ward. Alifika mwaka 1880, naye ni kijana wa miaka kama 26. Alikuta watu wakibishana: wengine wakisema udongo umechoka, wengine wakilaumu hali ya hewa, na wengine wakitumaini kwamba mbolea itaponya. Yeye hakushika upande wo wote kabla ya kupima. Alitundika vipande vya vioo katika mashamba, akavitazama kwa hadubini, akaona vimenaswa mbegu za kutu zilizoletwa na upepo. Kisha alizitia mbegu hizo juu ya majani mabichi yenye maji, akazifuatilia: zikachipua, zikaingia kwa vitundu vidogo ambavyo jani hupumulia, na baada ya wiki mbili tatu jani likatoa madoa na vumbi jipya.

Basi akathibitisha kwamba kutu ni kuvu hai, nayo huhitaji maji ili ichipue. Mbolea humtia mti nguvu, bali haiiui kuvu iliyokwisha kuingia ndani ya jani. Dawa lazima ilifunike jani kabla mbegu haijachipua. Tena alionya kwamba kupanda zao moja juu ya nchi nzima, bila miti ya kukinga upepo, ni kuitandikia kutu njia.

Habari hizo hazikuwapendeza waliongojea dawa ya kuponya mara moja, na kwa kweli zilikuwa zimechelewa. Mwaka 1884 benki kubwa ya Oriental, iliyokuwa imewakopesha wenye mashamba, ilianguka. Kahawa iliyouzwa ng'ambo, ambayo mwaka 1870 ilikaribia ratili milioni 100, ilishuka ikawa kama ratili milioni 5 tu mwaka 1889. Miti iling'olewa, na chai ikapandwa mahali pake. Walioumia zaidi ni vibarua kutoka kusini mwa Bara Hindi, na wanakijiji waliokuwa na vishamba vyao vidogo.

Bwana Ward alirudi kwao akaendelea na utafiti wa magonjwa ya mimea. Mwaka 1895 alifanywa profesa wa elimu ya mimea huko Cambridge, akafa mwaka 1906, umri wake miaka 52. Lakini kazi yake haikufa. Mwaka 1885 Mfaransa Millardet alitangaza dawa ya mrututu na chokaa kwa ajili ya mizabibu, na dawa za shaba za namna hiyo zikaja kutumiwa katika kahawa kama alivyoelekeza Bwana Ward: mapema, kabla ya ugonjwa kuenea.

Ndugu wanachama, ugonjwa huu ungali hai. Mwaka 1970 ulionekana hata Brazil. Upepo haujui mpaka wa shamba la mtu. Mkulima anayepogoa matawi yake, akapalilia na kupiga dawa kwa wakati, hulinda mti wake na wa jirani. Naye aliyeacha miti yake ikawa kichaka huwafugia wenzake kutu. Wenye mashamba wa Ceylon walikuwa na eka nyingi na fedha nyingi, lakini kila mmoja alitazama mavuno yake peke yake. Sisi wenye eka chache tunao ushirika: tukikubaliana siku ya kupiga dawa, tukanunua dawa pamoja, na kumsikiliza bwana shamba kabla madoa hayajaonekana, tutakuwa tumeipokea elimu ya Bwana Ward ikiwa bado na faida.