Antonio de Torres, Fundi wa Gitaa

Ninyi watoto wa Iringa mnalijua ligombo la Wahehe: ubao uliochongwa kama hori jembamba, uzi umepitishwa juu yake kwenda na kurudi, nalo likatiwa kibuyu. Uondoe uzi huo ubaoni, mwenzako akuvutie upande mmoja, kisha uupige. Utasikia sauti ndogo kama ya mbu. Uzi ni mwembamba, hauwezi kusukuma hewa nyingi. Ubao na kibuyu ndivyo viukuzavyo mlio wake. Antonio de Torres, fundi Mhispania, alishughulika na jambo hilo miaka mingi.

Alizaliwa mwaka 1817 karibu na mji wa Almería, kusini ya Hispania. Babaye alikuwa mtoza kodi. Alipopata miaka 12 alitiwa kwa seremala kujifunza kazi. Akaoa angali kijana, wakapata watoto watatu. Wawili wakafa, na mkewe naye akafa akiwa na umri wa miaka 23 tu. Torres akahamia Seville, na huko akashika kazi ya magitaa.

Siku zile gitaa lilikuwa dogo, na sauti yake hafifu. Torres akalifanya kubwa zaidi, na ubao wa mbele akauchonga mwembamba sana. Lakini hapo pana shida. Nyuzi zote hufungwa kwenye kipande cha mti kilichogandishwa kwa sherisi juu ya ubao huo. Kipande hicho huitwa daraja, na mtikisiko wa nyuzi huvukia hapo kuingia ubaoni. Daraja likiwa zito, nyuzi hushindwa kulitikisa, na sauti huwa ndogo. Likiwa dogo mno, mvuto wa nyuzi, upatao kilo 40 hivi, hulibandua. Au ubao hubonyea mbele yake na kuvimba nyuma yake. Basi Torres akachonga daraja jepesi lenye mabawa marefu membamba, mvuto upate kutawanyika, akatia juu yake kijiti cha mfupa cha kulazia nyuzi. Ndani, chini ya ubao, akagandisha vijiti saba vilivyotanuka kama upepeo. Mafundi wengine walikuwa wamekwisha kujaribu vijiti hivyo. Yeye alivipanga vema kuliko wote.

Mwaka 1862 alifanya gitaa la ajabu: mgongo na mbavu zake ni za karatasi nzito, ubao wa mbele ni wa mti. Alitaka kuonyesha kwamba sauti hutoka hasa kwenye ubao wa mbele. Gitaa hilo lingaliko Barcelona hata leo.

Mwaka 1869 Francisco Tárrega, aliyekuja kuwa mpigaji mashuhuri, alinunua gitaa lake moja. Hata hivyo sifa haikumjaza Torres mfuko. Karibu na mwaka 1870 alirudi Almería, akafungua duka la sahani na vikombe! Baada ya miaka michache akarudia kazi yake ya zamani. Husimuliwa kwamba watu walipomwuliza siri yake, aliwaonyesha ncha za vidole vyake, kwa maana kwa kuugusa ubao alijua kama umekonda vya kutosha.

Alifariki mwezi wa Novemba, mwaka 1892. Mkipata gitaa la nyuzi za nailoni, Mbeya au Iringa, litazameni daraja lake: mtaona mabawa yale mawili na kile kijiti cheupe katikati.