Jenerali Hershey, bwana wa daftari la jeshi la Marekani

Muhammad Ali hana haja ya kutambulishwa kwenye baraza lolote la Pwani hii. Kisa chake cha kukataa vita vya Vietnam husimuliwa hata na vijana ambao hawakuwahi kumuona ulingoni. Asiyejulikana sana kwetu ni mzee aliyeongoza idara iliyomwita Ali jeshini. Jina lake Lewis Blaine Hershey. Kwao Marekani kila nyumba yenye mtoto wa kiume ilimjua, maana kwa zaidi ya miaka 28 yeye ndiye aliyeshika daftari la majina.

Alizaliwa tarehe 12 Septemba 1893 shambani, katika kaunti ya Steuben, jimbo la Indiana. Wahenga wake walikuwa Wamenoniti, Wakristo ambao dini yao inawakataza kubeba silaha. Yeye alifundisha shule za mashambani, akawa naibu wa sherifu, na mwaka 1911 akaingia jeshi la akiba la jimbo lake. Vita Vikuu vya Kwanza vilimfikisha Ufaransa, lakini hakupigana. Baadaye jicho lake moja lilipofuka kwa ajali katika mchezo wa polo. Mwanajeshi wa namna hiyo kwa kawaida hustaafu kimya kimya na kusahaulika.

Kilichomuinua ni karatasi. Mwaka 1936 alipelekwa Washington kuwa katibu wa kamati iliyopanga jinsi raia watakavyoitwa vitani ikibidi. Marekani ilikuwa na kumbukumbu mbaya ya jambo hilo. Mwaka 1863, katika vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, maafisa wa jeshi walikwenda mitaani kuandika majina, na mwenye dola 300 aliweza kulipa akabaki nyumbani. Maskini wa New York waliwasha moto mji, na ghadhabu yao wakawamalizia watu weusi, wakiwaua barabarani. Katika vita vya 1917 serikali ilibadilisha mbinu: mwanajeshi asionekane mlangoni, kazi ya kuchagua wapewe majirani. Hershey aliichukua mbinu hiyo akaifanya imani yake ya maisha.

Tarehe 16 Septemba 1940 Rais Roosevelt alitia saini sheria ya kwanza ya kuita vijana jeshini wakati nchi haimo vitani. Mwezi mmoja baadaye, kwa siku moja tu, wanaume kama milioni 16 wa umri wa miaka 21 hadi 35 walipanga foleni kujiandikisha. Tarehe 29 Oktoba waziri wa vita, Henry Stimson, akiwa amefungwa kitambaa machoni, alitia mkono kwenye bakuli kubwa la kioo akatoa namba ya kwanza: 158. Mkurugenzi wa mwanzo wa idara hiyo, iitwayo Selective Service, alikuwa mkuu wa chuo kikuu, naye hakukaa. Julai 1941 Hershey akakalia kiti, asikiachie mpaka 1970, chini ya marais sita.

Mtambo wenyewe ulikwenda hivi. Washington ilitoa sheria na idadi ya watu wanaotakiwa. Kila jimbo likapewa fungu lake, na jimbo likaligawa kwa kamati za mitaa, ambazo wakati wa Vita Vikuu vya Pili zilizidi 6,000. Kamati ilikuwa ya raia wasiolipwa: mwenye duka, mkulima, mwanasheria mstaafu. Kijana alijaza fomu ndefu kuhusu kazi yake, afya yake, ndoa yake na dini yake, kisha kamati ikampa daraja. Aliyepewa 1-A alikuwa tayari kuchukuliwa. Aliyepewa 4-F alikuwa hafai kwa afya. Mwanafunzi wa chuo alikuwa 2-S, na anayekataa silaha zote kwa imani 1-O. Asiyeridhika alikata rufaa. Na kama ilivyo ofisi nyingi, karani aliyelipwa ndiye aliyejua faili za watu wote, wajumbe wengi wakifika jioni kuidhinisha alichokwisha kupanga.

Katika vita vya Hitler mtambo huo uliingiza watu zaidi ya milioni 10 jeshini, na kwa jumla raia waliukubali. Hapo Hershey anastahili sifa, na sifa kubwa zaidi ni kwa jambo ambalo halikutarajiwa kwa jenerali. Alishirikiana na makanisa yanayopinga vita, yale ya wahenga wake yakiwemo, ili wanaokataa silaha wafanye kazi za misitu na za hospitali za wagonjwa wa akili badala ya kufungwa. Wapatao 12,000 walipita njia hiyo.

Ubaya ulijitokeza pale vita vilipokuwa havihitaji kila mtu. Sheria ilikufa 1947, ikafufuliwa 1948, na kufikia Vietnam swali likawa nani abaki. Mwenye kumudu chuo kikuu alibaki. Idara ya Hershey ilifika hadi kuandika waraka ukijivunia kwamba hofu ya kuitwa inawasukuma vijana kusomea uhandisi, sayansi na ualimu. Asiye na karo alisukumwa wapi? Mwaka 1966 watu weusi walikuwa asilimia 1.3 tu ya wajumbe wa kamati za nchi nzima. Sisi wa Pwani tunaozijua kamati za kuhakiki watu wakati wa kutafuta kitambulisho hatuhitaji kufafanuliwa zaidi. Jirani anayekujua anaweza kukuhurumia, na anaweza pia kulipiza ya zamani. Hershey aliamini la kwanza tu. Sioni kwamba alikuwa mtu mwovu. Naona alikuwa mtu wa kijijini aliyedhani Marekani yote ni Steuben.

Ali alijiandikisha Louisville mwaka 1960. Mwaka 1964 alifeli mtihani wa jeshi akaachwa, kisha kiwango kikashushwa, na 1966 akapewa 1-A. Aliomba ahesabiwe kati ya wanaokataa vita kwa dini. Jaji mstaafu aliyemsikiliza aliona imani yake ni ya kweli, lakini Wizara ya Sheria ikashauri kinyume na rufaa ikaanguka. Tarehe 28 Aprili 1967 huko Houston jina lake liliitwa, naye hakusogea mbele. Akavuliwa ubingwa, akahukumiwa kifungo cha miaka mitano. Hakulala jela, ila ilimchukua hadi Juni 1971 Mahakama ya Juu kufuta hukumu hiyo.

Mwaka huohuo wa 1967, Oktoba, Hershey alifanya kosa lililommaliza. Aliziandikia kamati kwamba wanaovuruga uandikishaji kwa maandamano wanyang'anywe nafuu zao waitwe kwanza. Jeshi likawa adhabu ya kusema. Mahakama zilikataa, na vijana wakamfanya yeye ndiye sura ya vita. Nixon alimuondoa Februari 1970 kwa heshima, akimpa nyota ya nne. Bahati nasibu ya tarehe za kuzaliwa ilikuwa imeshaanza Desemba 1969, na 1973 kuita watu kwa lazima kukakoma. Hershey alifariki Mei 1977 akiwa ziarani Angola, mji mdogo wa Indiana alikosomea, akazikwa Arlington.

Daftari lake liliwekwa kando 1975, likafunguliwa tena 1980 na Rais Carter, Warusi walipoingia Afghanistan. Kwa sababu hiyohiyo Carter alimtuma Ali huyohuyo Afrika, akafika Tanzania na Kenya kuomba tususie Olimpiki ya Moscow.

Tangu hapo hakuna aliyeitwa, lakini wajibu uko palepale, na hauwahusu wenyeji peke yao. Mtoto wa Mombasa au Lamu aliyehamia Marekani kwa green card au kama mkimbizi, akiwa mwanaume wa miaka 18 hadi 25, lazima awe kwenye daftari. Mwenye viza halali ya masomo hahusiki. Akitimiza miaka 26 bila kuandikishwa, mlango umefungwa, na siku atakayoomba uraia kabla ya kufika miaka 31 ataulizwa kwa nini.