Sauti ya Chini Iliyofika Mbali

Juma hili nataka tuangalie maisha ya mtu ambaye wengi wenu mnaijua sauti yake hata kama hamjawahi kuona sura yake. Kila Desemba redio zetu humrudisha. Hata kwenye matanga, usiku watu wakiwa wameketi kandokando ya moto, mara nyingi hakosi. Huyo ni Jim Reeves, Mmarekani mwimbaji wa muziki wa kantri, aliyezikwa mwaka wa 1964.

Najua kuna ndugu atakayeniuliza: kwani kanisa lina shughuli gani na mtu aliyejulikana kwa nyimbo za mapenzi? Swali ni la haki. Nitalijibu, lakini kwanza tumjue.

Alizaliwa tarehe 20 Agosti 1923 kijijini Galloway, katika jimbo la Texas. Kabla hajafikisha mwaka mmoja, baba yake alikufa. Mama akabaki na watoto wengi na shamba. Mama mjane anayelea watoto kwa jembe, huyo hatuhitaji kuelezwa. Tunaye katika kila kijiji chetu.

Ndoto ya kijana Jim haikuwa kuimba. Alitaka kuwa mchezaji wa besiboli, na alikuwa na mkono wa kurusha mpira kwelikweli. Alifika hadi timu za chini za klabu kubwa ya St. Louis Cardinals. Halafu akaumia mshipa wa mguu, na mambo yakaishia hapo. Ebu fikiria: kijana wa miaka ishirini na kitu, ile kitu moja aliyokuwa akiitegemea imekatika, na mwaka huo huo wa 1947 ameoa. Mkewe aliitwa Mary.

Akatafuta kazi redioni. Alikuwa na sauti nzito, tamu, ya kusoma matangazo. Akafika kituo cha KWKH mjini Shreveport, Louisiana, kilichokuwa na kipindi maarufu cha muziki kila Jumamosi usiku. Inasimuliwa kwamba siku moja mwimbaji aliyetarajiwa hakutokea, wakamwambia mtangazaji apande jukwaani aokoe jahazi. Mwaka wa 1953 wimbo wake wa kwanza ukashika nambari moja kwa kantri. Miaka miwili baadaye kampuni ya RCA Victor ikamchukua.

Sasa sikieni jambo hili, hasa nyinyi wa kwaya na wa mitambo. Siku hizo waimbaji wa kantri walipaza sauti. Jim naye alianza hivyo hivyo. Lakini mwaka wa 1957 aliisogelea maikrofoni mpaka midomo ikakaribia kuigusa, akaimba kwa sauti ya chini kama mtu anayeongea na jirani yake kwenye kiti. Kuna waliopinga pale kwenye kampuni. Msimamizi wake wa kurekodi, Chet Atkins, akamwunga mkono. Wimbo ule ulipanda juu, na ule wa mwishoni mwa 1959 ukawashinda wote: ulikaa nambari moja katika chati ya kantri kwa majuma 14, na ukafika nambari mbili katika chati ya nyimbo za aina zote.

Mtu akishapata mafanikio kama hayo, dunia humwambia arudie kilekile. Jim aliendelea na nyimbo za mapenzi, hilo tusilifiche. Lakini mwaka wa 1962 alitoa albamu nzima ya nyimbo za Mungu, nyimbo 12, iliyoitwa We Thank Thee, yaani Tunakushukuru. Hakubadilisha sauti. Aliimba polepole, bila haraka, kila neno likisikika.

Kwao Marekani, hakuna wimbo wa albamu ile uliopanda chati kama ule wa mapenzi. Ukihesabu kwa chati tu, utasema ilikuwa kazi ya kando. Lakini huku kwetu hesabu ilikuwa nyingine. Nyumbani kwetu tulikuwa na kanda yake moja, na ilichezwa mpaka utepe ukaanza kujikunja. Mama yangu hakujua Kiingereza cha kutosha, lakini wimbo wa kuvuka daraja kwenda ng'ambo ulipofika, aliacha alichokuwa akifanya. Wazee wengi wa kijiji chetu walijifunza kutoka kwake kwamba hapa duniani ni wapitaji tu, kabla hawajaketi katika darasa lolote la Biblia.

Ndani ya albamu hiyo mna wimbo uliotungwa na Thomas Dorsey, Mmarekani mweusi wa Chicago. Mwaka wa 1932 Dorsey alikuwa safarini akiimba alipopata habari kwamba mkewe amefariki akijifungua. Na mtoto naye akafa muda mfupi baadaye. Katika msiba huo akatunga ombi la kushikwa mkono na Bwana. Huyo Dorsey alikuwa amepiga muziki wa bluzi vilabuni. Miaka 30 baadaye mzungu wa Texas akauimba wimbo wake. Hilo ndilo jibu langu kwa ndugu yangu aliyeuliza: Mungu hakungoja chombo kisicho na doa ndipo atufariji.

Na Jim alikuwa na madoa ya nyakati zake. Aliimba Afrika Kusini wakati wa ubaguzi wa rangi, akacheza filamu huko, hata akarekodi kwa Kiafrikana. Simwiti mtakatifu. Ya moyo wake anayajua Muumba wake.

Ijumaa tarehe 31 Julai 1964 alikuwa akirudi Nashville akiendesha ndege yake ndogo, pamoja na mpiga piano wake Dean Manuel. Wakaingia kwenye dhoruba karibu kabisa na nyumbani. Ndege ilianguka msituni, na waimbaji wenzake wakawa miongoni mwa waliowatafuta. Walipatikana Jumapili. Jim alibakiza siku 20 kufikisha miaka 41. Hawakuwa wamejaliwa mtoto. Mary alizitunza kanda zake na kuendelea kuzitoa, na mwaka wa 1966, mumewe akiwa kaburini, wimbo wake ukashika nambari moja Uingereza kwa majuma matano.

Wapendwa, nabii Eliya pale Horebu aliona upepo, tetemeko na moto, lakini Bwana alikuwa katika sauti ndogo ya utulivu. Sisi Wapentekoste tunapenda sauti kubwa, na mimi ni mmoja wenu. Sitaki mtu azime spika. Ila tukumbuke kuna mgonjwa, kuna mjane, kuna kijana aliyevunjika ndoto, ambaye kelele haimfikii. Huyo msogelee karibu, umwambie kwa upole.

Na ile kazi unayoiona ya kando, usingoje kuwa na nafasi. Darasa la watoto, kumtembelea mzee, wimbo mmoja hospitalini. Jim aliiimba albamu yake mwaka wa 1962. Miaka miwili tu baadaye hakuwapo.