Robert Koch: bingwa wa kifua kikuu aliyekosea kuhusu ng'ombe

Mwezi Julai mwaka 1901 madaktari wa binadamu na wa mifugo kutoka nchi nyingi walikusanyika mjini London katika mkutano mkubwa kuhusu kifua kikuu. Aliyesubiriwa kwa hamu kuliko wote alikuwa Profesa Robert Koch wa Ujerumani, mtu aliyekigundua kijidudu chenyewe cha ugonjwa huo miaka 19 kabla.

Koch aliwaeleza wajumbe kwamba kifua kikuu cha ng'ombe si kile cha binadamu, kwamba ni nadra mno mtu kuambukizwa kwa maziwa au nyama, na kwamba hakuona sababu ya kuchukua hatua za kuzuia jambo hilo.

Wajumbe walipigwa na butwaa. Wakati huo baadhi ya nchi za Ulaya zilikuwa zimekwisha kuanza kuwapima ng'ombe na kuchemsha maziwa. Na dawa iliyotumika kuwapimia ng'ombe hao ilikuwa imetengenezwa na Koch mwenyewe.

Daktari wa wilaya

Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 mjini Clausthal, katika milima ya Harz nchini Ujerumani, eneo la machimbo ya madini. Baba yake alikuwa afisa wa migodi, na nyumba yao ilijaa watoto. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen, akahitimu mwaka 1866, na mwaka uliofuata akamwoa Emmy Fraatz.

Baada ya kuhudumu kama daktari katika vita vya Ujerumani na Ufaransa vya mwaka 1870 na 1871, aliajiriwa kuwa daktari wa wilaya huko Wollstein, mji mdogo ambao leo umo nchini Poland na unaitwa Wolsztyn. Hapakuwa na chuo kikuu wala maktaba. Alikuwa na hadubini, kona ya nyumba aliyoigeuza kuwa maabara, na wagonjwa waliobisha hodi mchana na usiku.

Kimeta kilikuwa kikiua mifugo wilayani humo, na Koch akaanza kuichunguza damu ya wanyama waliokufa. Mwaka 1876 alionyesha mzunguko mzima wa maisha ya kijidudu cha kimeta, pamoja na namna kinavyojifungia katika mbegu ngumu zinazoweza kukaa ardhini miaka mingi zikingoja mnyama mwingine. Umaarufu wake, basi, ulianzia zizini.

Mwaka 1880 aliitwa Berlin, akapewa maabara na wasaidizi. Jioni ya tarehe 24 Machi 1882 alisimama mbele ya wanasayansi wenzake na kuwaonyesha kijidudu cha kifua kikuu, maradhi ambayo wakati huo yalikadiriwa kumuua mtu mmoja kati ya kila saba. Alikuwa amebuni namna ya kukitia rangi ili kionekane, akakiotesha nje ya mwili kwa wiki kadhaa, kisha akawaambukiza nacho wanyama wa maabara. Hakuna aliyepinga.

Alikuwa amechunguza pia uvimbe wa ng'ombe wagonjwa. Wakati huo aliamini kwamba ugonjwa ni mmoja, kwa mtu na kwa mnyama.

Dawa iliyogeuka kipimo

Mwezi Agosti 1890, mbele ya mkutano wa kimataifa wa madaktari mjini Berlin, Koch alidokeza kwamba amepata kitu kinachoweza kuzuia kifua kikuu. Miezi michache baadaye wagonjwa walimiminika Berlin kutoka pande zote za Ulaya, wengine wakiwa hoi. Dawa hiyo, iliyokuja kuitwa tuberkulini, ilikuwa maji yaliyokamuliwa kutoka kwa vijidudu hivyo kwa kutumia gliserini. Koch alikataa kwa muda kueleza ilivyotengenezwa.

Matumaini hayakudumu. Wagonjwa hawakupona, na baadhi yao walikufa. Daktari Rudolf Virchow alipozipasua maiti aliona kwamba ugonjwa ulikuwa umeenea badala ya kurudi nyuma. Sifa ya Koch ilitiwa doa, na mwaka 1893 aliachana na Emmy na kumwoa msichana aliyekuwa mdogo kwake kwa karibu miaka 30, Hedwig Freiberg. Jamii ya Berlin haikulipokea jambo hilo kwa wema.

Lakini katika kushindwa huko kulikuwa na jambo ambalo madaktari wa mifugo waliliona upesi. Mwenye kifua kikuu akichomwa tuberkulini hupandwa na homa. Asiye nacho, kiasi kidogo hakimsumbui. Ng'ombe naye ni hivyo hivyo. Ng'ombe mgonjwa anaweza kukaa muda mrefu akiwa mnene, akitoa maziwa, bila kukohoa. Mfugaji hawezi kumtambua kwa macho. Tuberkulini iliweza.

Aliyeitumia fursa hiyo vizuri kuliko wengi alikuwa Bernhard Bang, daktari wa mifugo wa Denmark, nchi iliyotegemea siagi kwa uchumi wake. Kuanzia mwaka 1892, katika shamba la Thurebylille, aliwapima ng'ombe wote na kuligawa kundi. Wazima walikaa upande wao na walioathirika upande wao, kila kundi na zizi lake. Ndama wa ng'ombe wagonjwa walitengwa mapema na kulishwa maziwa yaliyochemshwa, kwa kuwa wengi wao huzaliwa wakiwa salama. Upimaji ulirudiwa mara kwa mara. Hivyo kundi safi lilikua taratibu kutoka ndani ya kundi chafu, bila mfugaji kuwachinja ng'ombe wake wote kwa siku moja na kubaki fukara.

Safari za Afrika

Koch mwenyewe wakati huo alikuwa ameelekeza macho kusini. Sotoka ilikuwa imeteremka kutoka pembe ya Afrika na kuangamiza ng'ombe wa Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890, ikiwaacha Wamasai na wafugaji wengine katika njaa kuu. Ilipofika Afrika Kusini, Koch aliitwa Kimberley mwishoni mwa mwaka 1896, akajaribu kuwakinga ng'ombe kwa kuwachoma nyongo ya wale waliokufa kwa ugonjwa huo.

Mwaka 1897 alifika Dar es Salaam, iliyokuwa chini ya utawala wa Wajerumani, akachunguza malaria na magonjwa ya ng'ombe wa pwani. Katika damu yao aliona vijidudu vidogo ambavyo alividhania kuwa vya homa nyingine ya kupe iliyokwisha kujulikana Marekani. Kumbe vilikuwa vya ndigana kali, maradhi ambayo wafugaji wetu wanayajua hadi leo.

Alirudi tena Afrika Mashariki mwaka 1905, mwaka aliopewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya kifua kikuu, na kwa mara nyingine mwaka 1906 kwa ajili ya malale. Katika visiwa vya Sese, upande wa Uganda wa Ziwa Victoria, aliwatibu wagonjwa kwa dawa yenye sumu ya aseniki iitwayo atoksili. Alipoona haitoshi aliongeza kipimo, na baadhi yao wakapofuka wasione tena. Habari hiyo haina budi kusimuliwa pamoja na sifa zake, kwa kuwa waliopofuka walikuwa Waafrika waliomwamini.

Kosa la London

Ilikuwaje mtu wa namna hii akakosea mwaka 1901? Si kwa uzembe. Koch na mwenzake Wilhelm Schütz walikuwa wamewapa ndama makohozi na vijidudu vilivyotoka kwa watu wagonjwa, na ndama hao hawakuugua. Tayari mwaka 1898 Mmarekani Theobald Smith alikuwa ameonyesha kwamba kijidudu cha ng'ombe kinatofautiana na cha binadamu. Katika hilo Koch alikuwa sahihi.

Kosa lilikuwa katika hatua iliyofuata. Kwa kuwa kijidudu cha mtu hakikumdhuru ng'ombe, aliamini kwamba cha ng'ombe nacho hakimdhuru mtu. Alisema pia kwamba kama maziwa yangekuwa hatari, watoto wengi wangeonekana na kifua kikuu kilichoanzia matumboni, jambo ambalo madaktari wa Berlin hawakuliona sana.

Katika mkutano ule ule Bang, Mfaransa Edmond Nocard na Mwingereza John McFadyean walimpinga. Hawakuwa na jina kubwa kama lake, ila walikuwa wamekaa na ng'ombe miaka mingi. Kabla ya mwaka kwisha serikali ya Uingereza iliunda tume ya kuchunguza suala hilo, na majaribio yakafanywa katika mashamba huko Stansted, Essex.

Wataalamu wa tume walichukua vijidudu kutoka kwa watu waliougua na kuvichomeka kwa ng'ombe na wanyama wengine, mmoja baada ya mwingine. Katika miili ya watoto wengi, hasa waliovimba tezi za shingo au kuugua tumbo, walikikuta kijidudu cha ng'ombe. Kufikia mwaka 1907 tume ilikuwa imesema wazi kwamba maziwa ya ng'ombe wagonjwa yanawaua watoto. Ripoti yake ya mwisho ilitoka mwaka 1911.

Koch hakuiona. Mwaka 1908, katika mkutano wa Washington, alikuwa bado akishikilia kwamba hatari kubwa ni ya mtu kumwambukiza mtu, na kwamba ya ng'ombe ni ndogo. Alifariki dunia kwa ugonjwa wa moyo tarehe 27 Mei 1910 mjini Baden-Baden. Majivu yake yamehifadhiwa Berlin, ndani ya taasisi inayobeba jina lake.

Urithi wake zizini

Miaka iliyofuata, kipimo chake kilifanya kazi ambayo yeye hakuiona kuwa ya lazima. Marekani ilianza kampeni yake mwaka 1917, na hadi mwaka 1940 ilikuwa imechinja ng'ombe karibu milioni 4. Haikuwa rahisi: mwaka 1931 wakulima wa jimbo la Iowa waliwazuia wapimaji hata gavana akatuma askari. Uingereza nayo ilikamilisha mpango wake wa kitaifa mwaka 1960, ingawa ugonjwa umerejea huko na mbweha haonekani kuwa mshukiwa mkuu bali mnyama mwingine wa porini, baja.

Kipimo chenyewe hakijabadilika sana. Mtaalamu hupima unene wa ngozi ya shingo ya ng'ombe, huchoma tone la tuberkulini iliyosafishwa, na hurudi baada ya saa 72 kuona kama pamevimba. Kazi ngumu huanza baada ya hapo. Mfugaji atamleta vipi ng'ombe wake apimwe, ikiwa anajua atachinjiwa na hatalipwa fidia? Swali hilo lilikuwapo Iowa, na lipo katika nchi zetu, ambako ng'ombe ni benki, ni mahari na ni heshima ya mtu.

Hata katika kinga, ng'ombe hayuko mbali. Chanjo ya BCG, ambayo kovu lake wengi wetu tumelibeba mkononi hadi ughaibuni, ilitokana na kijidudu cha ng'ombe. Wafaransa Albert Calmette na Camille Guérin walikiotesha upya huko Lille kwa miaka 13 hadi kikapoteza ukali, na mtoto wa kwanza akakipewa mwaka 1921.

Kwa familia inayokunywa maziwa mabichi, somo ni lile ambalo Bang alilitumia kwa ndama wake: maziwa yachemshwe. Kugandisha mtindi pekee hakutoshi kumuua mdudu huyu. Na mgonjwa aliyeambukizwa na ng'ombe huwa na tatizo la ziada, kwa kuwa kijidudu hicho kwa asili yake hakisikii pirazinamidi, mojawapo ya dawa kuu za kifua kikuu.

Koch alitufundisha kwamba ugonjwa una chanzo kinachoweza kuonekana, na kwamba neno la mtu halitoshi mpaka jaribio lithibitishe. Waliomsahihisha walitumia kanuni hiyo hiyo dhidi ya neno lake. Watoto waliokunywa maziwa salama baada ya hapo wana deni kwake, na wana deni pia kwa wale waliothubutu kumwambia, mbele ya dunia, kwamba amekosea.