ALFRED BÜCHI: MSWISI ALIYEIPA INJINI PUMZI YA PILI

Ukisikia Land Cruiser inapiga filimbi ikipanda kuja Sumbawanga, jua kuna babu mmoja wa kumshukuru. Jina lake Alfred Büchi.

Alizaliwa 11 Julai 1879 mjini Winterthur, Uswisi. Mzee wake alikuwa mmoja wa wakubwa wa kiwanda cha Sulzer, kwa hiyo jamaa alikulia kwenye mambo ya mashine. Akasoma uinjinia Zurich, akamaliza 1903, kisha akafanya kazi Ubelgiji.

Kilichomsumbua kichwa ni moshi. Joto kibao la mafuta linatoka nje kwa ekzosi bure! Akawaza: moshi uzungushe pangaboi, na shafti yake izungushe pangaboi la pili la kushindilia hewa kwenye injini. Mwaka 1905 akaombea hataza wazo hilo. Ndiyo tabo hiyo.

Mnadhani alitajirika fasta? Thubutu! Mwaka 1915 alijaribu tabo ya kusaidia injini za ndege huko juu kwenye hewa nyepesi, ikagoma. Hakukata tamaa. Mwaka 1925, miaka 20 baada ya hataza, akafanikiwa kwenye dizeli, nguvu zikapanda zaidi ya asilimia 40. Meli mbili za Ujerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, injini zake zikatoka farasi 1,750 mpaka 2,500. Alifariki 1959 akiwa na miaka 80. Magari madogo ya tabo yakaanza kuuzwa Marekani 1962, yeye hayupo.

Sisi inatuhusu nini? Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi, injini isiyo na tabo inachoka mapema mlimani. Tatizo lile lile alilohangaika nalo Büchi.

Sasa angalizo kwa wanaonunua tabo za mtumba. Toyota wana CT20 ya injini ya 2L-T, CT12B ya 1KZ, na CT26 ya 1HD-T ya Land Cruiser. Lakini CT26 hiyo hiyo jina lake lipo pia kwenye Supra na Celica za petroli! Kwa nje ni mapacha, ndani ni vitu viwili. Celica za kuanzia 1989 hivi zina njia mbili za moshi kuingia kwenye pangaboi, ya dizeli ina moja. Kwa hiyo usisome herufi peke yake. Soma namba nzima ya kibati, chungulia mdomo wa moshi, pima mapangaboi, halafu tikisa shafti: ikigusa ukuta, acha hapo hapo. Ukikosea, pesa imekwenda na gari halivuti.

Büchi alisota miaka 20. Wewe dakika 5 za kukagua zinakushinda? Mafundi wa Kizwite, mwagikeni hapo chini.