Lucy Lameck: Nesi Aliyevua Sare

Kila inapokaribia tarehe 9 Desemba, bendera za wenyeji wetu za sikukuu yao ya tarehe 2 huwa bado zinapepea hapa Dubai, nasi ndiyo kwanza tunakunjua zetu. Majina yanayotajwa siku hiyo tunayajua: Mwalimu, Mzee Kawawa, Bibi Titi. Mwaka huu naomba tumkumbuke na mama mwingine. Ninamchagua kwa upendeleo wa wazi, maana alianzia pale nilipoanzia mimi na kina dada wengi wa Jumuiya hii: kwenye mafunzo ya unesi.

Lucy Lameck alizaliwa mwaka 1934 huko Njoro, Moshi, katika familia ya wakulima. Kwa binti wa Kiafrika wa enzi zile, elimu ikishapatikana, njia zilizobaki mbele yake zilikuwa chache: ualimu, unesi, au utawa. Yeye akasomea unesi. Kisha akafanya jambo ambalo hadi leo linanishangaza. Alikataa kufanya kazi katika hospitali za serikali ya kikoloni.

Vijana waliozaliwa huku huenda wasielewe ukubwa wa jambo hilo. Tanganyika ya wakati ule iligawa watu kwa rangi hata wanapougua. Dar es Salaam, hospitali ya Ocean Road ilikuwa ya Wazungu, na Waafrika walitibiwa Sewa Haji. Mishahara ya watumishi nayo ilifuata rangi. Nesi Mwafrika alikuwa na kazi ya heshima kijijini kwao, lakini ndani ya wodi alijua mapema kabisa ngazi yake inaishia wapi. Kuna atakayesema kwamba binti huyu aliwaacha wagonjwa. Mimi nimekesha wodini miaka mingi, nchi mbili tofauti, na sisemi hivyo. Mafunzo alikuwa nayo, mshahara wa uhakika ulikuwa mbele yake, na nyumbani ni kwa wakulima. Kukataa kuligharimu.

Akajifunza kupiga taipu na hatimkato, akawa katibu muhtasi katika KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro kilichoanzishwa mwaka 1933. Pale ndipo fedha za kahawa zilipopita. Sisi wa mikoa ile tunajua habari ya kahawa: mama anapalilia na kuchuma, jina kwenye kitabu cha chama ni la baba. Binti aliyeketi kwenye taipu ya ushirika hakuhitaji kusimuliwa hayo. TANU ilipoanzishwa mwaka 1954 na kuenea hadi mlimani, akajiunga, akawa miongoni mwa waliowakusanya akina mama wa huko.

Chama na harakati vikamfungulia safari. Alisoma Ruskin College, Oxford, chuo kilichoanzishwa kwa ajili ya watu wa kazi waliokosa nafasi ya vyuo vikuu, na baadaye Western Michigan University huko Marekani. Shahada yangu mwenyewe niliipata ugenini, kwa hiyo baridi naijua, na upweke naujua. Kinachonigusa ni kwamba alirudi, na alirudi wakati nchi haina kitu. Mwalimu alikuwa akihesabu mara kwa mara kwamba Waingereza walituachia madaktari 12 tu wazalendo.

Mwaka 1962 akateuliwa kuwa msaidizi wa waziri katika Wizara ya Ushirika na Maendeleo ya Jamii, na kwa hilo akahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza nchini kushika wadhifa katika ngazi ya uwaziri. Alikuwa na miaka 28. Wizara hiyo ndiyo ya mabwana na mabibi maendeleo, wale waliozunguka vijijini na baiskeli na ubao: madarasa ya kisomo cha watu wazima, vikundi vya akina mama, lishe ya mtoto, choo, kisima, barabara ya kujitolea. Wazee wetu wanawakumbuka kwa majina. Leo kazi ile tunaiita ustawi wa jamii na tunaisomea miaka mitatu minne. Kwa jicho la nesi, nusu ya yale ilikuwa tiba kabla ya ugonjwa.

Mwaka ule ule wa 1962 iliundwa UWT, naye alikuwa mmoja wa viongozi wake. Mwaka 1965 wapiga kura wa Moshi wakampeleka Bungeni.

Baada ya Azimio la Arusha akapelekwa Wizara ya Afya akiwa naibu waziri, akakaa huko hadi mwaka 1972. Basi yule aliyekataa wodi za mkoloni sasa alikuwa miongoni mwa wanaozisimamia wodi za taifa, katika miaka ambayo zahanati na vituo vya afya vya vijijini ndivyo vilivyopewa uzito. Hospitali ya KCMC, ambako wauguzi wengi wa humu Dubai wamepitia, ilifunguliwa Moshi mwaka 1971, yeye akiwa wizarani. (Ni mwaka ule ule ulioziunganisha falme hizi tunamoishi.)

Alifariki tarehe 21 Machi 1993, akiwa hajafika hata miaka 60.

Mwaka 2021, mtaa mmoja wa Neukölln jijini Berlin ulibadilishwa jina. Kabla ya hapo uliitwa Wissmannstraße, kwa heshima ya Hermann von Wissmann, Mjerumani aliyeizima vita ya Abushiri pwani yetu, na ambaye mwaka 1891 alipanda hadi Kilimanjaro kumpiga Mangi Sina wa Kibosho. Sasa kibao cha mtaa huo kinasomeka Lucy-Lameck-Straße. Kutoka Kibosho hadi Njoro ni mwendo mfupi tu wa kuteremka.