Alan Turing, aliyetafuta makosa bila kujua jibu

Ukiuza dhahabu Geita au Kahama leo, huenda hesabu ya uzito, bei na mgao ikapigwa na programu ya simu. Mara nyingi hakuna karatasi inayoeleza programu hiyo ifanye nini. Sasa nani aikague, na kwa kipimo gani? Swali hili linatupeleka kwa Mwingereza Alan Turing.

Alizaliwa London mwaka 1912. Mwaka 1936 aliandika makala kuhusu mashine ya kufikirika inayofuata maagizo, akaonyesha kuwa hakuna mashine moja itakayoweza kuzikagua nyingine zote na kujua daima zitaishia wapi.

Wakati wa vita alifanya kazi Bletchley Park, kwenye ujumbe wa siri wa Wajerumani. Wapolandi walikuwa wametangulia. Mashine ya Wajerumani, Enigma, haikuweza kamwe kugeuza herufi kuwa herufi ileile. Mtambo wa Turing ulijaribu mipangilio mingi mno na kuitupa iliyojipinga yenyewe. Jibu hakulijua, alijua lisilowezekana.

Hivyo ndivyo kompyuta inavyoweza kukagua programu ya mgao. Hatujui mwenye eneo, mwenye duara na wachimbaji wapate shilingi ngapi kila mmoja. Lakini mafungu yao yakijumlishwa yakazidi fedha iliyolipwa, kuna kosa. Uzito ukiongezeka kwa bei ileile na malipo yakapungua, kuna kosa pia. Kompyuta hujaribu maelfu ya viwango usiku kucha, nasi tumelala.

Juni 1949, mjini Cambridge, Turing alitoa mfano wa kujumlisha: ukiandika tarakimu unazobeba, kila safu hukaguliwa peke yake. Alitaka watunga programu nao waandike, katikati ya kazi, mambo ambayo lazima yawe kweli hapo. Kwa maoni yetu ni ushauri bora kuliko mwingi uliofuata, ingawa kwa miaka mingi wachache tu waliujua.

Mwaka 1952 mahakama ilimtia hatiani kwa uhusiano na mwanamume, kosa kwa sheria ya Uingereza ya wakati huo, na kazi za siri akafungiwa. Msamaha ulikuja mwaka 2013, yeye hayupo.

Alikufa Juni 1954, akiwa na miaka 41, kwa sayanaidi, sumu wanayoijua vizuri wanaochenjua marudio huku kwetu. Nyumbani kwake alikuwa akiitumia kupaka vijiko dhahabu. Uchunguzi ulisema alijiua. Mama yake aliamini ilikuwa ajali.